Bunduki Inayotafuna Shaba

Bunduki ya zamu pale kituoni kwetu askari wa wanyamapori, Liwale, ilikuwa na tabia ya kutafuna. Ukipiga, ukivuta bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, ganda la risasi linatoka ukingo wa kitako umeparuliwa mithili ya muhogo uliopitiwa na panya. Hao ndio wenye bahati. Wasio na bahati walipata unga wa shaba tu, ganda lenyewe limebaki chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu.

Mimi ni wa kundi la pili. Usiku ule tembo walikuwa shambani kwa mama mmoja, wanakula mahindi bila haraka yoyote, nasi tumetumwa tuwafukuze kwa kupiga hewani. Nikapiga ya kwanza. Tembo wakasimamisha masikio. Nikavuta bolti nipige ya pili, bolti ikaja peke yake. Bunduki yetu ni ya .375. Kwa asiyejua, hiyo ni risasi ya wanyama wakubwa, ipo duniani tangu 1912, na ganda lake likishakwama hulitoi kwa kucha za vidole. Nami nilikuwa nazo hizo tu.

"Baba, mbona kimya?" akaniuliza mwenye shamba.

"Nawasoma kwanza, mama."

Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na debe na mchi. Aliligonga lile debe mpaka tembo wakaona hapafai. Asubuhi kijiji kizima kilishapata habari kwamba bunduki ilikuja, debe likafanya kazi.

Lakini aibu ya kijijini ni nafuu ukilinganisha na ya stoo. Bwana Stoo wetu hupokea maganda kwa hesabu: risasi imetoka, ganda lirudi, weka sahihi. La kwangu tulilisukuma kwa ufito wa kusafishia mtutu ndipo likatoka. Akaligeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili limeliwa na nini?"

"Na bunduki, mzee."

"Bunduki haili, inatema. Sasa niandike nini hapa? Ganda moja, pungufu kidogo?"

Akalikataa. Likakaa mfukoni mwangu kama deni, mpaka mkuu wa kituo akachoka kusikiliza ugomvi wetu na kuomba fundi wa silaha mwenye kibali kutoka Lindi mjini. Fundi akaja kwa njia ya Nangurukuru. Vumbi lilikuwa limembadilisha kiasi kwamba mkuu alimpa mkono dereva, akamkaribisha kiti, akamwuliza habari za bunduki.

Babu Fundi hakuulizia chai. Alichukua bolti, akapitisha kidole, akauliza, "Nani kati yenu hutumbukiza risasi chemba kwa mkono, halafu anasukuma bolti?"

Wote tukatazama paa. Tulimjua. Simtaji, maana bado tunalala hema moja. Magazini ikishajaa, hupenda kuongeza moja ya juu, eti kinga.

"Bolti hii ni ya mtindo wa Mauser wa 1898," akasema Babu. "Huu ukucha mrefu ubavuni ndio unaong'oa ganda. Risasi ikipanda kutoka magazini, ukingo wake unateleza chini ya ukucha, imeingia kwa mlango. Ukiitumbukiza mwenyewe, ukucha unalazimika kuruka ukingo, kama dirishani. Kila ukiruka unamenyeka. Tazama, kona imemeguka, kimebaki kibanzi. Hicho ndicho kinachokwangua shaba yenu." Akapumua. "Kucha za namna hii Wajerumani walikuwa nazo vitani Mahiwa, 1917. Waingereza hawakuzimaliza, mmekuja kuzimaliza nyie."

Mmoja wetu akamletea tupa. Babu akaipokea vizuri, akaiweka chini, akaikalia.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutazamwa. Tulitegemea nyundo, tukapewa subira. Alizungusha ukucha mpaka chini ya bolti, akausukuma mbele, ukachomoka. Akaupaka wino wa kalamu, akapitisha ganda tupu, na pale wino ulipofutika ndipo palipokuwa panauma. Hapo akapasugua kwa jiwe laini na mafuta ya cherehani, mara chache, anatazama, anasugua tena. Kona ya chini akaiviringisha. Sehemu ya ndani, ile inayovuta, hakuigusa kabisa. Ukiipunguza hiyo, ukucha utateleza na ganda litabaki chemba daima. Kisha msasa laini. Mwenzangu wa hema alikuwa ameshalala.

Kwa majaribio Bwana Stoo akatoa maganda manne matupu, mazima, kwa sahihi. Tukakaa chini ya mwembe kando ya jiko la Mama Ntilie. Babu akayajaza magazini, akavuta polepole. Yakadondoka miguuni pake moja moja, safi.

Mwenzangu wa hema akaamka. "Babu, nami nijaribu."

"Vuta kama tembo yuko mbele yako."

Jambo ambalo Babu hakulitaja ni kwamba kitema ganda cha bunduki hii hakina springi ya kulirusha ganda. Ni kipande cha chuma kilichosimama tu, na ganda huruka kwa kadiri ya nguvu ya mkono wako. Yule bwana alivuta kwa aibu zake zote za miaka. Ganda likapita juu ya kofia ya Babu, likavuka uzio wa matete, likapotea.

Bwana Stoo akafunga geti. Hakuna kutoka. Tukapekua majani, tukapekuana mifuko, kuku wakainuliwa mmoja mmoja kutoka kwenye mayai. Jua likapanda, ganda hakuna, mpaka Mama Ntilie akasema chakula kinapoa. Kulikuwa na ugali, ming'oko na mbaazi za nazi. Bwana Stoo, kwa kuwa ndiye mfiwa, akapakuliwa wa kwanza, sahani imejaa.

Tonge la tatu likalia *kwa!* Akashika shavu. Akatoa kitu mdomoni, akakifuta nazi kwa leso, akavaa miwani, akakizungusha ukingoni.

"Halina hata mkwaruzo," akasema. Akavuta daftari kutoka kwapani, akaweka tiki.

Kwenye kulipa ndipo ulipozuka ugomvi. Alisema halipii mbaazi zenye chuma.

"Mbaazi nimekupimia upawa mmoja, kaka," akajibu Mama Ntilie. "Hiyo shaba ni nyongeza."