Homoni zipi, na zimepimwa lini?

Hapa Tanga ninapoishi, neno "homoni" limechukua nafasi iliyokuwa ya mchango. Zamani mke akikaa mwaka mzima bila kushika mimba, bibi zetu walisema ana mchango, wakamtafutia mizizi; siku hizi muuza dawa wa Ngamiani humwambia kuwa homoni zake zimevurugika, kisha humuuzia mizizi ile ile, ikiwa imesagwa na kutiwa kwenye kopo lenye picha ya mtoto mchanga. Ugomvi wangu ni na ugonjwa unaotajwa bila kupimwa, kwa sababu homoni si kitu kimoja, na anayesema zimevurugika hana budi kueleza ni ipi, imepanda au imeshuka, na damu ilichukuliwa siku gani ya mzunguko.

Siku hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Projesteroni, ambayo huonyesha kwamba yai limepevuka na kutoka, hupimwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hiyo ni siku ya 21, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 huweza kuambiwa kuwa hapevushi mayai, ilhali yai lake ndiyo kwanza linatoka. Binti wa mama yangu mdogo aliwahi kupewa majibu ya namna hiyo, akameza vidonge kwa miezi kadhaa kwa kosa la kalenda.

Ipo pia prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo ikipanda kwa mwanamke asiyenyonyesha huweza kuzuia mayai kupevuka na kuyafanya matiti yatoe maziwa. Kwetu pwani jambo hilo halikosi kunasibishwa na majini, ingawa chanzo chaweza kuwa uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, au hata dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi. Tiba hufuata chanzo: wa tezi ya shingo hupewa homoni ya tezi hiyo, na mwenye uvimbe mara nyingi hupewa kabergolini, dawa inayoshusha prolaktini.

Chakula nacho kina nafasi yake, ila si ile inayotangazwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana tatizo la ovari zenye vifuko vingi, ambalo mara nyingi huandamana na insulini, homoni inayodhibiti sukari, iliyozidi mwilini, na insulini hiyo huzisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mwenye tatizo hilo na uzito mkubwa, akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, huweza kuanza tena kupevusha mayai. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9. Ushauri huo ni mgumu katika mji ambao bibi harusi huwekwa ndani anone, na shangazi humpima kwa mashavu. Dawa ya letrozoli husaidia pia, lakini mirija ya uzazi ikiwa imeziba kwa maambukizi ya zamani, hakuna kidonge cha homoni wala uji wa lishe utakaoizibua.

Tatizo la mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vyote vya ndoa kukosa mtoto, na hapa ndipo pweza anapoingia. Jioni wanaume hujipanga kwenye mabakuli ya supu yake wakiamini kwamba nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni jambo moja. Pweza ana zinki, ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliohusu wanandoa zaidi ya 2,300, ulionyesha kuwa vidonge vya zinki na foliki asidi walivyopewa wanaume havikuboresha ubora wa manii wala kuongeza watoto waliozaliwa. Linalosikitisha zaidi ni testosteroni ya kujidunga kwa ajili ya misuli, kwani ubongo ukiiona imejaa kwenye damu huziamuru korodani zipumzike, na mbegu huweza kutoweka kabisa.

Mume wa binti huyo niliyemtaja alipimwa manii mwaka wa nne wa ndoa, baada ya mkewe kumaliza makopo nisiyoweza kuyahesabu, ingawa kipimo chake ni rahisi kuliko vyote alivyopitia mkewe. Mbegu zilikuwa chache. Aliambiwa aache sigara na arudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa. Sigara ameacha. Pweza bado anakula, na shangazi zake sasa wamenyamaza kuhusu kizazi cha mkewe.