Jina la Yorkshire, babu wa Afrika

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, wakiwemo Turi King na Mark Jobling, waliandika kuhusu jina la ukoo la mashariki mwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, adimu mno hata wakalificha ili wenyewe wasijulikane. Kati ya wanaume 18 waliopimwa, 7 walikutwa na kromosomu Y (sehemu ya DNA ambayo mwana huirithi kwa baba yake tu) ya kundi A1, ambalo hadi hapo lilijulikana kwa watu wachache tu wa asili ya Afrika Magharibi. Ni Wazungu, na wa kwanza kupimwa hakuwa na habari ya babu yeyote Mwafrika.

Wapo wanaosema jambo hili limekuzwa. Ukirudi nyuma vizazi 8 unao mababu na mabibi 256, na kipimo hiki kinamsemea mmoja tu. Tena hakisemi alifika lini: huenda na askari Waafrika waliolinda Ukuta wa Hadrian, boma la mpakani kaskazini mwa Uingereza, enzi za Warumi, huenda na biashara ya utumwa. Hayo ni kweli.

Ila hesabu ya 256 inasahau jinsi jina linavyorithiwa. Uingereza, kwa kawaida, jina la ukoo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kromosomu Y hupita njia hiyohiyo. Katika umati wote ule, kipimo kimemwangukia yuleyule ambaye jina lake wanalibeba! Utafiti unawarudisha wote 7 kwa babu mmoja wa karne ya 18 au kabla yake, na tangu hapo jina la Yorkshire na kromosomu ya Afrika vimeshikana, baba kwa mwana. Kumwita babu huyo mgeni katika historia ya jina lake mwenyewe ni kumdhulumu.

Na wale 11 waliobaki, wasio na kromosomu hiyo? Wengine hukimbilia kusema kuna bibi aliyezaa nje. Haraka ya nini? Jina laweza kuwa na waasisi zaidi ya mmoja. Mtoto aweza kulelewa na baba wa kambo, au kupewa jina la mama. King na Jobling walipochunguza majina 40 mwaka 2009, walikadiria kwamba visa vya baba kutokuwa mzazi havifiki asilimia 5 kwa kizazi. Tena huenda wale 11 ndio wa shina la kwanza, na wale 7 wakaingia baadaye. Vyovyote iwavyo, wote 18 ni wa ukoo huo.