Sikio Moja Lililoniponza

Tuko wapenzi wa muziki watano, na kila mwisho wa juma ni lazima kila mmoja wetu aeleze amesikiliza nini. Nasema ni lazima kwa sababu niliwahi kunyamaza mara moja tu, nikapigiwa simu na kuulizwa kama ninaumwa. Nilipojiunga nao nilidhani ni mazungumzo ya kupitisha muda, kumbe nilikuwa nimejiandikisha katika darasa ambalo mwanafunzi ni mimi peke yangu na walimu ni wanne.

Wa kwanza kunitesa ni mzee wetu wa bluzi, ambaye kwake muziki mwingine wote ni mali ya wizi. Ukimtajia bendi ya roki ya Rolling Stones, atakukumbusha kwamba hata jina lao walilitoa katika wimbo wa mwaka 1950 wa mwanabluzi Muddy Waters. Na huyo Muddy Waters naye bado hajasamehewa vizuri kwa kuhamia Chicago mwaka 1943 na kushika gitaa la umeme. Alinishauri nianze na Robert Johnson, ambaye alirekodi mwaka 1936 na 1937 tu, na nyimbo zake zote ni 29. Nilifurahi mno, kwa maana marehemu yule, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa ameniachia kazi ya siku mbili. Nikazimaliza zote, nikatoa taarifa kifua mbele. Mzee akakohoa kidogo, kisha akauliza, "Uliyosikiliza ni ile aliyoimba mara ya kwanza au mara ya pili?" Ndipo nilipoelezwa kwamba baadhi ya nyimbo hizo zilirekodiwa zaidi ya mara moja, na kwamba mtu mwenye adabu husikiliza zote, kisha akachagua upande wa kuutetea mpaka kaburini.

Nikakimbilia kwenye roki, nikiamini kwamba huko watu hupiga kelele na hawaulizi maswali. Nikaweka ile albamu ya Led Zeppelin ya mwaka 1971 ambayo jalada lake halina jina la albamu wala la bendi. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha pili kelele zile zinaitwaje, nami nikamjibu kweli tupu kwamba hazina jina. "Hata mimi nisingezipa," akasema, akafunga mlango.

Lakini aibu yenyewe ilinipata kwenye jazi. Tangu ujana wangu nilikuwa nikipiga mluzi nyimbo za albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, kila ninapooga, hadi mwenzetu mmoja aliponifahamisha kwamba wakati wa kurekodi upande wa kwanza mashine ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kuliko ilivyopasa, na kwa sababu hiyo, ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, santuri ikatoka na sauti iliyopanda kidogo, kosa ambalo halikurekebishwa mpaka mwaka 1992. Maana yake ni kwamba nimeoga miaka yote hiyo nikikosea. Sasa kila nikijipaka sabuni najiuliza kama niko kwenye sauti ya kabla ya marekebisho au ya baada yake, na maji yanapoa.

Ili kujikosha, nikatangaza kwamba juma hilo ninasikiliza Free Jazz, albamu ya mpiga saksofoni Ornette Coleman iliyotoka mwaka 1961, takriban dakika 37 bila kupumzika. Niliogopa kwamba ingenitoa roho, lakini haikuwa hivyo hata kidogo. Nikawaandikia wenzangu kwamba nimeshangazwa na utulivu wake, nafasi aliyowaachia wapigaji, na hewa iliyomo ndani yake. Nilijisikia msomi.

"Na klarineti ya besi ya Eric Dolphy umeionaje?" mmoja akauliza.

Sikuwa nimesikia klarineti ya aina yoyote, lakini mtu hawezi kurudi nyuma akiwa amekwisha kuandika neno "hewa". Nikajibu kwamba uzuri wa Dolphy ni kule kujizuia kwake, na kwamba humsikii mpaka umtafute.

Palikuwa na ukimya mrefu. Kisha nikaelezwa, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba wanamuziki wa albamu hiyo ni wanane, makundi mawili ya watu wanne wanne yakipiga kwa wakati mmoja, Coleman na wenzake wakiwa upande wa kushoto, Dolphy na wenzake upande wa kulia. Nikazitoa spika zangu za masikioni na kuzikagua. Ya kulia ilikuwa imekufa, na sijui tangu lini. Nilikuwa nimetoa uhakiki wa nusu ya bendi.

Nimenunua nyingine, zinazofanya kazi pande zote mbili. Jana usiku nikaiweka albamu ile tena, wanane wakaniingia kichwani kwa pamoja, kila mmoja akidai haki yake, nami nikavumilia kwa heshima ya darasa hadi dakika ya nne. Hapo nikatazama huku na huku, nikachomoa ya kulia taratibu, na Dolphy akarudi kujizuia kama zamani.