Jiwe la Murayghan na Mwaka wa Tembo

Msafara wa Philby, Ryckmans na Lippens, ulioanza mwaka 1951, ulikuta kwenye kisima cha Murayghan, kaskazini mwa Najran, mwamba wenye mistari 10 ya musnad, mwandiko wa kale wa Yemen. Aliyeamuru iandikwe ni Abraha, mfalme wa Himyar, dola ya kale ya Yemen, yule yule tunayemjua tangu madrasa kwa ajili ya Suratul Fil, sura ya jeshi la tembo lililokwenda kuibomoa Kaaba. Maandishi yalichapishwa mwaka 1953 na hutajwa kwa alama ya Ry 506. Ubishi ukaanza hapo hapo: vita vinavyosimuliwa humo ndivyo vya Tembo, au ni vingine?

Jiwe lenyewe halitaji tembo, halitaji Makka wala Kaaba. Linasema kwa nguvu ya Rahmani na Masihi wake mfalme aliwavamia Maadd, makabila ya Arabia ya kati, kabila la Banu Amir lilipoasi. Jeshi la kabila la Kinda lilipigana katika bonde moja, la makabila ya Murad na Saad katika njia ya Turaban, na mfalme mwenyewe akapigana Haliban. Kisha Amr mwana wa Mundhir akamtoa mwanawe kuwa dhamana, akawekwa juu ya Maadd.

Msomaji wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani. "Aliandika" ni s-t-r, mzizi wa mstari wetu. Dhamana ni r-h-n, rehani. Kuwekwa juu ya watu ni s-t-kh-l-f, ndugu wa khalifa. Ndipo mtego ulipo. Kisabaya, lugha ya jiwe hili, si Kiarabu, na mzizi w-th-b, ambao kwa Kiarabu ni kuruka, kwa watu wa Himyar ulikuwa kukaa. Waarabu wa kale walikuwa na kisa cha mgeni aliyeambiwa na mfalme wa Zafar, mji mkuu wa Himyar, "kaa", akaruka kutoka juu akafa. Atakayefungua kamusi ya Kiarabu peke yake atamfuata.

Tazama maneno mawili ya jiwe hili: gh-z-w-t-n r-b-ʿ-t-n. N ya mwisho ni kibainishi, kama "al" ya Kiarabu iliyohamishiwa mkiani. Neno la kwanza ni ghazwa, yaani safari ya vita. La pili halina irabu, kwa kuwa musnad una konsonanti 29 na irabu fupi haiandikwi kabisa. Ukilisoma kwa njia moja ni "ya nne", ukoo wa robo na arobaini. Ukilisoma kwa nyingine ni "ya rabii", majira ya majani kuchipua, kama katika Rabiul Awwal. Beeston, mtaalamu wa maandishi haya, alichagua majira, na mwezi uliotajwa, Dhu Thabatan, huangukia karibu na Aprili. Robin, mtaalamu mwingine, alichagua ya nne. Naona Robin yuko karibu zaidi na ukweli, maana mwezi unatajwa papo hapo baada ya neno hilo; kutaja na majira kungekuwa kurudia. Na kama ilikuwa ya nne, basi Abraha alikuwa na desturi ya kupanda kaskazini, na vita vya Tembo havilazimiki kuwa hivi.

Tarehe ina uhakika zaidi. Imeandikwa kwa maneno, ndogo ikitangulia: mbili na sitini na mia sita, yaani 662 ya Himyar. Kuigeuza kunategemea mwanzo wa kalenda hiyo. Wengine waliuweka mwaka 115 KK, lakini maandishi ya Hima, karibu na Najran, ya wakati mji huo ulipozingirwa, ni ya 633 ya Himyar, na nyaraka za Kisiria huelekeza mauaji ya Wakristo wa Najran yaliyofuata kwenye 523 BK. Ukitoa 110 hesabu inakaa; ukitoa 115 unapata 518. Kwa hiyo 662 ni 552 BK.

Hapo ndipo wanaounganisha jiwe hili na vita vya Tembo wanapopata nguvu. Mwanahistoria Kister, mwaka 1965, alileta riwaya ya az-Zuhri, mwanazuoni wa kale wa hadithi: kutoka Tembo hadi vita vya Fijar, vya Waarabu kabla ya Uislamu, miaka 40, hadi kifo cha Hisham bin al-Mughira, mkubwa wa Makka, 6, hadi kujengwa Kaaba 9, hadi Hijra 15. Jumla 70. Toa 70 katika 622, unafika 552 barabara. Tena Turaban ni Turaba, upande wa Taif, si mbali na Makka.

Inavutia, ila mwanahistoria Conrad alionyesha kwamba 40 katika riwaya za namna hii mara nyingi ni namba ya kusema "miaka mingi", si hesabu ya vidole. Haliban nayo iko Najd, nje ya njia ya Makka, na Abraha anarudi mshindi. Hakuna mfalme anayechonga kushindwa kwake, lakini hapa haonekani kuficha kitu: ana mateka na ana mkataba.

Mwaka 2012 Robin na Tayran walitoa jiwe jingine la Murayghan, lisilo na tarehe. Abraha anajitangazia Waarabu wa Maadd, Hajar, Khatt, Tayyi, Yathrib na Judham. Yathrib, Madina ya leo, imo; Makka haimo. Upande mmoja utasema Makka ilikuwa ndogo mno. Wa pili utasema hakuiweza. Jiwe haliwapi ushahidi wote wawili. Linachoonyesha ni kwamba mkono wake ulifika hadi Hijaz, kwa hiyo safari ya Makka baada ya 552 inawezekana. Ry 506 kuwa ndiyo safari hiyo, siamini.

Na 570, mwaka tuliozoea kuutaja kuwa wa Tembo na wa kuzaliwa Mtume? Jiwe la mwisho la Himyar lenye tarehe ni la 669, yaani 559 au 560. Baada ya hapo patasi zimenyamaza, na mwaka 570 hauna jiwe la kuuthibitisha wala la kuukana.