Usikimbilie nyota kila CORS inapokugomea

Mtu akilalamika kwenye kundi la watengenezaji wa programu kwamba kivinjari kimekataa ombi lake kwa kosa la CORS, yaani seva haijauruhusu ukurasa wa tovuti nyingine kusoma majibu yake, haichukui muda atajibiwa: weka nyota, itapita. Nyota ni alama ya * kwenye heda (mstari wa maelezo unaoambatana na jibu la seva) iitwayo Access-Control-Allow-Origin, nayo huruhusu tovuti yoyote duniani kusoma majibu ya seva yako. Mimi napinga ushauri huo unapotolewa kabla hata tatizo halijaangaliwa. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na wanaoumia baadaye ni watumiaji wetu.

Kanuni inayowakera wengi ni ya tangu 1995, Netscape ilipoingiza JavaScript kwenye kivinjari chake. Inasema msimbo wa ukurasa usisome majibu ya asili nyingine, na asili ni protokali, jina la seva na poti kwa pamoja. Ndiyo maana localhost:3000 na localhost:8080 hazihesabiwi kuwa kitu kimoja hata zikiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Bila kanuni hiyo, ukurasa wa udaku uliofungua asubuhi ungeweza kuiomba tovuti ya benki yako salio, vidakuzi vyako (cookies zinazokutambulisha kwa benki) vikaambatana na ombi, na jibu likasomwa na mtu usiyemjua. CORS, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, ndiyo njia ya seva kulegeza kanuni hiyo kwa hiari yake. Kwa hiyo unapoona kosa hili, maana yake ni kwamba seva haijatoa ruhusa, au imeitoa vibaya. Dawa iko upande wa seva, hata kama kelele inasikika kwenye kivinjari.

Ila mara nyingi CORS inasingiziwa tu. Chukua programu iliyo nyuma ya Nginx, seva inayopokea maombi kwanza, na heda za CORS zimewekwa kwa agizo lake la add_header. Jedwali fulani halipo kwenye hifadhidata, programu inaanguka na kurudisha 500, namba ya hitilafu ya seva. Nginx haiweki heda hizo kwenye majibu ya makosa mpaka uongeze neno always. Kivinjari kinapokea jibu lisilo na ruhusa, konsoli inaandika CORS kwa wino mwekundu, na kijana wa watu anakesha akibadilisha heda wakati kinachokosekana ni jedwali. Kuiuliza JavaScript hakumsaidii. Kati ya njia zake mbili za kutuma maombi, XMLHttpRequest itampa hadhi 0, na fetch kwenye Chrome itasema "Failed to fetch" basi. Ufupi huo ni wa makusudi, kwa sababu ukurasa usioruhusiwa kusoma jibu haupaswi hata kujua limekosea wapi. Wa kuulizwa ni kichupo cha Network kwenye zana za kivinjari na kumbukumbu za seva. Kisha tuma ombi lilelile kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, uweke na heda ya Origin inayotaja asili ya ukurasa, uone seva inajibu nini hasa.

Kwenye kichupo hicho mimi huanza na mstari wa OPTIONS, ombi la kuulizia ruhusa. Ombi likibeba data ya JSON au heda ya Authorization yenye tokeni (ufunguo wa kumtambulisha mtumiaji), kivinjari hutanguliza OPTIONS kuomba ruhusa, na OPTIONS hiyo haina tokeni. Ukaguzi wa kuingia ukiwekwa mbele ya msimbo wa CORS, seva itajibu 401, yaani hujatambulishwa, na ombi lenyewe halitaondoka kamwe. Hapo hata nyota haikusaidii. Vivyo hivyo seva ikijibu OPTIONS kwa kuielekeza anwani nyingine, pengine kwa sababu ya mkwaju (/) uliosahaulika mwishoni mwa anwani. Kuhusu mode: 'no-cors', mpangilio wa fetch ambao wengine huukimbilia, niseme tu kwamba inaondoa maandishi mekundu na jibu lenyewe hutalisoma.

Kwenye malipo sina uvumilivu kabisa. Daraja, API ya M-Pesa nchini Kenya, hutoa tokeni kwa anayewasilisha ufunguo na siri yake. Anayeiita moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa amekwisha kuianika siri hiyo kwa kila anayejua kufungua msimbo wa ukurasa. Akizuiwa na kivinjari kisha akapitia proksi (seva ya kati inayopitisha maombi) ya bure aliyoiokota mtandaoni, siri imefika na kwa mwenye proksi. Ombi hilo lifanywe na seva yako, na ukurasa uzungumze na seva yako tu. Hizi ni pesa za watu.

Nyota yenyewe ina mahali pake: viwango vya fedha, ratiba za mabasi, data yoyote iliyo ya wote. Kwa maombi yenye vidakuzi vivinjari huikataa, na hapo ndipo huzaliwa msimbo mbaya kuliko nyota, ule unaochukua Origin yoyote iliyokuja na kuirudisha kama ruhusa pamoja na Access-Control-Allow-Credentials, heda inayoruhusu vidakuzi. Andika orodha ya asili unazoziamini, linganisha neno kwa neno bila kuridhika na mwanzo au mwisho wa jina, na uongeze heda ya Vary: Origin ili kache (hifadhi ya muda ya majibu) isimpe mmoja ruhusa iliyoandikwa kwa jina la mwingine.