Ilimradi Isiwe Elfu Kumi

Jamani, mimi na hawa vijana wa kuandika majaribio ya programu, yaani vipande vya msimbo vya kuhakiki kama programu inatoa jibu sahihi, tutafikishana pabaya. Kijana kapewa kazi ndogo tu: hakikisha mfumo unaongeza VAT ya asilimia 18. Bidhaa ya shilingi 10,000 itoke 11,800. Hesabu hiyo hata muuza karanga haishikii kalamu. Yeye kaandika nini? assertNotEqual(jumla, 10000). Yaani jibu lolote poa, ilimradi lisiwe elfu kumi!

Haya, jumla ikitoka sifuri, jaribio linapita. Ikitoka hasi saba, linapita. Ikirudi None, maana yake mfumo haukuhesabu chochote, linapita, tena kijani kibichi, ile rangi ya 'limefaulu'. Hata ikirudi '10000' ndani ya alama za nukuu, VAT haijaguswa, linapita vilevile, kwa sababu kwa Python, lugha tunayoandikia programu, maandishi na namba hawana undugu. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani ukamwambia 'usilete chumvi' basi. Akirudi na ndala utamgombeza kwa lipi?

Namwita, ananishangaa: 'Bosi, si zote zimepita?'

Halafu yupo mwenzake, huyu angalau kasikia kuna kubwa na ndogo. Kaandika assertTrue(salio > 0), yaani iwe kweli kwamba salio limezidi sifuri. Ijumaa jioni, begi nimeshafunga, jaribio likaanguka. Nafungua logi, ile ripoti ya jaribio, nione salio lilikuwa ngapi, nakuta: 'False is not true'. Ahsante sana, mwalimu! Kwamba uongo si kweli, bibi yangu alilijua hilo bila kompyuta. Mimi nataka namba! Angeandika assertGreater(salio, 0) ningeambiwa -250 si kubwa kuliko 0, nikajua pa kuanzia. Na kitu chenyewe si kigeni, kimo tangu Python 2.7 ya mwaka 2010.

Sikatai, 'isiwe sawa' ina pake. Nywila iliyohifadhiwa isifanane na aliyoandika mteja, maana inatakiwa ifichwe kwanza, sawa kabisa. Lakini hata hapo, nywila ikihifadhiwa tupu, si bado haifanani? Kijani tena!

Jana nimemrudishia kijana kazi yake, nikamwandikia kwa herufi kubwa: PIMA JIBU LENYEWE. Baada ya chai akanijibu, 'Tayari bosi, nimekaza zaidi.' Nafungua, nakuta kaongeza mstari mmoja: assertNotEqual(jumla, None).