Dereva wa Ndoo

Najua video mmeshaiona. Sekunde 12 tu: nimekalia ndoo, nimeshika mfuniko wa sufuria kama usukani, na mshkaji anayerekodi anacheka mpaka simu inatetemeka. Ila hayo maneno yake kwamba "jamaa kafunga shokapu kichwa chini" ni uongo. Nilichofanya ni kibaya zaidi.

Shokapu za mbele za Corolla 110 yangu zilishakufa. Unakandamiza boneti, unaachia, gari linanesa mara nne kama kitanda cha gesti. Oili imelowanisha bomba lote. Nikanunua pea na maunti mpya (vile vikalio vya juu vya shokapu), nikaazima vibanio vya springi kwa sharti virudi kabla ya magharibi.

Na kazi niliianza kwa adabu, jamani. Nati za tairi nimelegeza gari likiwa bado chini. Mawe tairi za nyuma, stendi mbele. Bolti mbili za spana 19 kule chini zimetoka kwa kuongezea spana bomba. Habu, pale tairi linapofungwa, nikaifunga waya isining'inie kwenye mpira wa breki, ule unaopitisha oili ya breki. Nati 3 za juu, za spana 14, nikamalizia. Ile nati ya katikati, inayoizuia springi, sikuigusa mpaka springi ilipobanwa pande mbili zinazotazamana, huku kidogo, kule kidogo, ikawa inacheza kwenye kikalio chake. (Wewe unayefunga springi kwa kamba ya katani, Mungu anakuona.) Wala fimbo inayong'aa ya shokapu sikuishika kwa plaizi, ikikwaruzika inachana sili inayozuia oili, na shokapu mpya inaanza kuvuja.

Sasa. Shokapu zina stika: moja L, moja R. Nikasimama mbele ya bampa, nikatazamana na gari uso kwa uso. L nikaiweka mkono wangu wa kushoto, R wa kulia. Nikafunga zote mbili, nikakaza. Nikaja kwenye mpira wa breki.

Haufiki.

Nikauvuta. Kikono cha shokapu cha kuushikia kinaangalia mbele, mpira uko nyuma. Nikahamia upande wa pili: vilevile. Nikatoa tamko mbele ya mashahidi: "Viwanda vya siku hizi wanabana hata mpira." Tayari nilishamtuma mtoto akalete waya.

Mama Junior alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Junior, hiyo L ni kushoto?"

"Ndiyo, mama."

"Kushoto kwa nani?"

Kimya. Akageuza ndoo, mgongo kwa bampa. "Kaa. Shika usukani," akanipa mfuniko. Nikakaa. Nikashika. Hapo ndipo mshkaji alipotoa simu. "Haya dereva, nyoosha mkono wa kushoto."

Mkono ukaenda wenyewe, polepole, kidole kimenyooka, mpaka ukaishia kwenye shokapu iliyoandikwa R. Nilibaki nimenyoosha hivyohivyo kama trafiki wa sanamu. Kushoto kwa gari ni kushoto kwa aliyekaa ndani, si kwa anayelishangaa. Nimelivalisha gari ndala kinyume, miguu yote miwili.

Basi nikafungua vyote, springi nikabana tena, nikahamisha, mpira ukafika bila kubembelezwa. Vibanio vilirudi saa tatu usiku, matusi nimeyapokea. Kesho alaimenti, kunyoosha tairi.

Mfuniko umeoshwa mara tatu, bado unanuka girisi. Wali wa jana umefunikwa kwa sahani.